Baridi Huanza na Jasho: Pikipiki ya Mombasa Inapopanda Bara

Mwezi wa Julai Mombasa huwa katikati ya kipupwe. Kusi inavuma, bahari imechafuka, na alfajiri pale Likoni utaona watu wamejifunika shuka kwa kibaridi cha nyuzi 21. Ikifika saa saba mchana joto limepanda hadi nyuzi 27 au 28 na koti limegeuka mzigo. Ukiwa mkavu, baridi ya kukudhuru juu ya pikipiki humu kisiwani haipo. Mambo hubadilika pikipiki hiyohiyo inapoelekezwa bara, ikiwa na matairi, kabureta na mavazi ya pwani.

Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480, na njia nzima ni ya kupanda. Voi iko karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari, Nairobi karibu 1,700, na ukiendelea hadi Limuru unapita 2,200. Kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5. Alfajiri ya Julai Nairobi huwa kwenye nyuzi 11 au 12, na Limuru hushuka chini ya 10, mara nyingi na ukungu juu yake. Kupanda huku ni kwa polepole mno, mwili hauoni mpaka wa kuuambia kwamba sasa ni wakati wa kuvaa.

Waendeshaji wa pwani wana njia mbili za kukosea. Wa kwanza huondoka na fulana na reflekta tu, akisema atavaa mbele. Huyu kila mtu anamjua. Wa pili huvaa kila kitu nyumbani: fulana ya pamba, sweta, jaketi zito, koti la mvua juu. Wengi humwona ndiye mwenye akili, ila kwa maoni yangu ndiye anayepata taabu zaidi. Foleni ya malori ya Changamwe na Miritini humtoa jasho, jua la Mariakani likaongeza, na akifika Taru fulana imelowa chapachapa. Pamba hunywa maji na haiyaachii upesi. Joto la Voi humdanganya kwamba yuko sawa. Akishapita Emali, upepo unaanza kukausha ule unyevu, na kila tone linalokauka huondoka na joto la mwili. Ameletewa baridi na jasho lake mwenyewe, chini ya koti la bei kubwa.

Kwa hiyo mavazi ya safari hii yapangwe kwa kituo. Kutoka Mombasa hadi Voi vaa kinga tu: jaketi jepesi linalopitisha hewa lenye pedi za mabega na viwiko, suruali ngumu, buti, glavu nyepesi. Vya baridi vifunge kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi, juu kabisa, ili usipakue kila kitu kando ya barabara. Mtito Andei ni karibu nusu ya safari, na bado kuna joto. Mahali pazuri pa kubadilisha ni Makindu. Hekalu la Masingasinga la pale hupokea wasafiri wa dini zote na kuwapa chakula na chai bila malipo. Unavua viatu na kufunika kichwa. Vua fulana iliyolowa, jifute, vaa kavu, kisha ndipo uongeze tabaka. Ukibadilisha Emali au Sultan Hamud hujachelewa, lakini Athi River umeshachelewa, kwa sababu mwili uliokwisha poa juu ya pikipiki hauna njia ya kujipasha. Umekaa tu, misuli haifanyi kazi.

Tabaka zenyewe ni tatu. Linalogusa ngozi liwe la polista au la sufu laini, lisiwe la pamba. La pili ni la kushika hewa: sweta la sufu au la manyoya ya plastiki yale ya mitumba. La tatu ni la kuzuia upepo, na hapa koti la mvua la nailoni la bei nafuu linafanya kazi kuliko sweta mbili. Soko la Kongowea kuna mitumba ya vyote hivi. Soma lebo ndani ya shingo, ukitafuta asilimia ya sufu. Unapojaribu koti, usisimame wima kama unapiga picha. Kaa kwenye kiti, nyoosha mikono kana kwamba umeshika usukani, kunja magoti. Mikono ya koti ikipanda juu ya kifundo au suruali ikafika nusu ya muundi, liache. Tundu la sentimita mbili kati ya glavu na koti huingiza upepo hadi kwapani.

Upepo ndio unaofanya baridi ya pikipiki isifanane na ya kituo cha basi. Hewa ikiwa nyuzi 10 nawe unakwenda kilomita 80 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoa kana kwamba ni nyuzi 4, na hiyo ni ngozi kavu. Ukikwama bila vazi la kuzuia upepo, karatasi nne hadi sita za gazeti zilizotandazwa kifuani chini ya jaketi zitakufikisha. Ni dawa ya zamani, na bado sijaona ya bei nafuu kuishinda. Shingoni kikoi kinatosha kabisa: kikunje mara mbili, kizungushe, na ncha zote uziingize ndani ya jaketi kabla ya kufunga zipu.

Hizo ncha si jambo dogo, hasa kwa abiria. Abiria wa Mombasa aliyevaa buibui, au aliyejitanda leso (kanga) kwa sababu ya kibaridi, ana vitambaa virefu karibu na cheni na spoku za gurudumu la nyuma. Kitambaa kikishikwa na cheni, humvuta mtu chini kabla dereva hajajua. Mwombe mama au dada akusanye buibui, alikalie, na leso aifunge mbele kifuani, isining'inie nyuma. Kifuniko cha cheni kisitolewe kwa ajili ya urembo. Na abiria naye avae vya baridi kama wewe, pamoja na helmeti na reflekta ambazo sheria inamtaka avae. Anayetetemeka nyuma huyumbisha pikipiki nzima, na huwa haongei mpaka hali imekuwa mbaya.

Sasa mikono, ambako ndiko ajali huanzia. Mwili ukihisi kifua kinapoa, hupunguza damu inayokwenda vidoleni ili kulinda moyo na mapafu. Vidole huwa vizito, kisha ganzi, na ganzi ikiingia huwezi kupima nguvu unayotia kwenye breki: ama unabana kidogo mno, ama unabana ghafla na gurudumu la mbele linafunga. Kwa kilomita 80 kwa saa pikipiki hula mita 22 kila sekunde. Vidole vikichelewa nusu sekunde tu kufikia breki, umeshakwenda mita 11 kabla ya kupunguza chochote, na lori lililo mbele yako halijasogea kukupisha.

Kwa sababu hiyo, ukiona vidole vinapoa, anza na kifua. Glavu nene juu ya mikono ya mtu ambaye kifua chake kiko wazi hazisaidii kitu, maana damu ya joto haiji. Glavu zenyewe ziwe na nafasi kidogo. Zikibana huzuia damu, na baridi huzidi. Glavu nyembamba za mpira kama zile za hospitali, zikivaliwa ndani ya glavu za kawaida, huzuia upepo vizuri, lakini jasho hukaa ndani, basi beba jozi mbili tatu za kubadilisha. Bodaboda wa nyanda za juu hufunga vifuniko vya ngozi au turubai kwenye usukani, na vinafaa sana. Angalia jambo moja: vikiwa laini, upepo wa mwendo huvisukuma vikakandamiza mkono wa breki. Breki ya mbele inapata moto na taa ya nyuma inawaka muda wote, aliye nyuma yako asijue lini unasimama kweli. Weka waya mgumu au kipande cha plastiki ndani ili kifuniko kisiguse breki wala klachi.

Kipimo cha kusimama ni rahisi. Ukiwa umesimama, vua glavu, gusisha ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha mwisho cha mkono uleule. Ikishindikana, au ikifanyika kwa shida, hakuna kuendelea. Weka mikono kwapani ndani ya nguo kwa dakika kumi. Usiikumbatie injini: vidole vyenye ganzi havihisi kuungua, na glavu za nailoni huyeyuka zikigusa ekzosi.

Miguu haina mengi. Soksi moja ya sufu ni bora kuliko mbili za pamba zinazobana. Gamboti huzuia maji lakini pua yake pana inaweza kukwama chini ya gia. Jaribu kubadilisha gia mara kadhaa ukiwa umesimama kabla ya kuingia barabarani. Magoti ndiyo yanayosahaulika, nayo ndiyo yaliyo mbele kabisa kwenye upepo.

Kioo cha helmeti hupata ukungu kwa pumzi yako mwenyewe. Tone la sabuni ya vyombo, lisugue ndani ya kioo kwa kitambaa kikavu mpaka lisionekane, litakufaa kwa saa kadhaa. Kitambaa cha mdomoni kishushwe ili pumzi iende chini. Mwendo ukipungua, fungua kioo kidogo tu. Kioo cheusi, ambacho vijana wengi wanakipenda kwa jua la Nyali, kiache nyumbani ikiwa utafika na magharibi au utaondoka alfajiri. Kwenye ukungu tumia taa ya chini. Taa ya juu hurudi machoni mwako na kukuonyesha ukuta mweupe.

Tuje kwenye chombo. Pikipiki ya Mombasa hupanda bara ikiwa tayari imeliwa na chumvi, na baridi huonyesha kila kasoro. Betri hupoteza nguvu kadiri inavyopoa. Kabla ya safari, ikiwa imepumzika usiku kucha, ipime: volti 12.6 au zaidi iko vizuri, ikiwa 12.4 kwenda chini ichajiwe na ichunguzwe. Injini ikinguruma kwa kasi ya wastani isome kati ya 13.5 na 14.5. Mara nyingi betri haina kosa. Kosa ni ule ungaunga wa kijani au mweupe kwenye vichwa vyake. Tenganisha waya hasi kwanza, sugua kwa brashi na maji ya magadi, kausha, funga, paka grisi. Fanya hivyo pia kwenye waya unaofungwa kwenye fremu, ambao mafundi wengi hawaufikirii.

Kabureta ni habari nyingine. Kwenye mita 1,700 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya baharini, lakini jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopimia petroli, inaendelea kutoa petroli ileile ya Mombasa. Mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi: plagi inakuwa nyeusi yenye masizi, moshi mweusi kidogo, nguvu zimepungua. Kwa safari ya siku chache usibadilishe jeti. Fundi wa bara atakuwekea ndogo, pikipiki itapaa, kisha ukirudi pwani hewa nzito itakutana na mafuta machache, injini itachemka na inaweza kutoboa pistoni. Safisha tu kichujio cha hewa, kwa sababu vumbi la Taru likikiziba huongeza shida ileile, na beba plagi moja mpya. Pikipiki za kisasa zenye kudunga mafuta kwa kompyuta hujirekebisha zenyewe. Za kabureta au za kompyuta, nguvu zitapungua kwa vyovyote, basi pale ulipozoea kulipita lori kwa nafasi fulani, bara utahitaji nafasi ndefu zaidi, hasa ukiwa na abiria.

Kwenye ukungu wa Limuru kuna ugonjwa ambao mtu wa pwani hawezi kuukisia. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta hupoza koo lake sana, kiasi kwamba hewa yenye unyevu wa nyuzi 5 au 10 inaweza kugandisha barafu humo. Injini inaanza kukohoa ukiwa umevuta mafuta kidogo tu, inazima, inakataa. Ukisimama dakika tano hivi joto la injini linayeyusha barafu, inawaka kana kwamba haikuwa na neno. Wengi hubadilisha plagi wakati huo na kuisifu plagi. Alama ya barafu ni hiyo ya kupona bila kuguswa.

Choki itumike kuwasha tu. Dakika moja hadi mbili, kisha irudishwe. Ukiendesha nayo, petroli ya ziada huosha oili kwenye silinda na chuma kinasuguana na chuma. Oili ya 20W-50 inayotumika sana pwani huwa nzito alfajiri ya nyuzi 8, basi usivute mafuta kwa nguvu mpaka injini ipate uvuguvugu.

Matairi yana hesabu ya kuvutia. Kila joto likishuka nyuzi 5 hadi 6, shinikizo hupungua kwa karibu psi 1. Kutoka nyuzi 28 za Mombasa hadi 8 za Limuru utapoteza karibu psi 3. Lakini geji hupima tofauti kati ya hewa ya ndani ya tairi na ya nje, na kule juu ya nje imepungua, kwa hiyo inakurudishia karibu psi 3 hizohizo. Mambo mawili yanafutana. Jaza tairi Mombasa alfajiri likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye stika au kitabu cha pikipiki yako, na ukifika juu pima likiwa baridi vilevile. Kosa la kawaida ni kupima Sultan Hamud mchana, tairi likiwa limechemka, kuona psi 3 au 4 za ziada na kuzitoa. Asubuhi yake unaamka na tairi laini. Kashata, yaani meno ya tairi, zikibaki chini ya milimita 2, badilisha kabla ya safari. Na dakika 10 au 15 za mwanzo asubuhi ya baridi usilaze pikipiki kwenye kona, kwani mpira bado ni mgumu.

Kuhusu barabara yenyewe, hatari ya kwanza iko nyumbani. Kama unatoka Kusini, bamba la chuma la kupandia feri Likoni lina maji ya chumvi na oili, na rasharasha za kipupwe hulifanya utelezi mtupu. Liingie ukiwa umenyooka, bila breki ya mbele, abiria ameshuka. Pale Kibarani na Changamwe, mvua inapoanza, nusu saa ya kwanza huinua dizeli iliyomwagwa na malori. Mistari iliyopakwa rangi nayo huteleza. Kati ya Samburu na Maungu hakuna cha kuzuia upepo wa pembeni. Legeza viwiko, bana tangi kwa magoti, na lori linapokupita tarajia kuvutwa kisha kusukumwa. Wenye miavuli mikubwa juu ya bodaboda wasifike hata Mazeras nayo. Kwenye uwanda ule ni tanga.

Anayekwenda Wundanyi kupitia Mwatate atakutana na baridi mapema zaidi, kwa kuwa kutoka Voi unapanda karibu mita 800 ndani ya muda mfupi, kona zikiwa zimelowa umande. Kurudi ndiko kwenye kesi. Usiteremke kwa gia huru eti unaokoa petroli, wala usizime injini. Weka gia ya pili, acha injini ishike, tumia breki kwa vipindi. Breki za ngoma zikichemka huisha nguvu, na zikiingia maji huwa vilevile mpaka uzikaushe kwa kuzigusa kidogo ukiwa kwenye mwendo. Maji ya breki za diski hufyonza unyevu, na pwani unyevu haukosekani. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Ondoka Mombasa saa kumi na moja alfajiri. Kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa na mapumziko ya saa mbili, utafika Nairobi saa tisa alasiri, jua likiwa bado lipo. Ukiondoka saa nne, sehemu ya baridi kabisa utaikuta magharibi, umechoka. Usiku kuna jambo jingine: ndovu wa Tsavo huvuka barabara, na hawana reflekta.

Mwili wenyewe hutoa taarifa kwa mpangilio. Kwanza kutetemeka. Kisha kukosea gia, kusahau indiketa, maneno kuwa mazito. Mtetemeko ukikoma bila wewe kujipasha, hiyo ni dharura, na mtu huyo asiachwe peke yake: mvue vilivyolowa, mfunike, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza, mpelekeni hospitali. Chai ya tangawizi ni nzuri, na andazi lake, kwa sababu mwili huchoma chakula ili kupata joto. Pombe hufungua mishipa ya ngozi na kutupa joto nje, ukahisi moto huku unapoa. Sigara, miraa na muguka hubana mishipa midogo, na vidole ndivyo vinavyolipa. Isitoshe, miraa na muguka huficha uchovu mpaka uishe wote kwa mpigo.

Wakati wa kurudi pwani mambo hupinduka. Watu huondoka Nairobi wamevaa tabaka zote tatu na hawazivui, kwa sababu mteremko ni wa polepole kama ulivyokuwa mpando. Ukipita Mtito Andei saa sita mchana na sweta na koti la mvua, mwili unachemka, na mwili uliochemka baada ya saa tano za barabara husinzia. Vua la nje Emali na la kati Kibwezi, kunywa maji hata kama huna kiu, na Mackinnon Road simama tena, pale msikitini wanaposimama wasafiri wengi, unawe uso. Ukifika Mombasa, osha pikipiki, kausha cheni na uipake oili, kwa kuwa mvua za juu zimeiosha. Kisha pima ulegevu wake, ambao kwa pikipiki ndogo nyingi huwa kati ya milimita 20 na 30 katikati ya cheni.